Gitaa bovu, nyuzi nne zinatosha

Shikamoo. Nimeachiwa gitaa la zamani la nyuzi za chuma. Funguo mbili za kukazia nyuzi zimekufa, moja kila upande. Linaweza kugeuzwa kuwa gitaa la tenori la nyuzi nne? (Mbagala)

Marahaba. Linaweza, tena bila msumeno. Gitaa la tenori lilishika kasi Marekani miaka ya 1920, kampuni kama Gibson na Martin zilipowatengenezea wapiga banjo ya nyuzi nne gitaa wasilolazimika kujifunza upya. Kwa kawaida hutyuniwa C-G-D-A (majina ya noti, kuanzia uzi mnene), na uzi wake una urefu wa kama sm 58. Lako huenda likawa na sm 65. Kwa urefu huo ukiuvuta uzi mwembamba hadi ile A ya juu, utakatika, kama si leo basi kesho.

Kwa hiyo tyuni G-D-A-E. Nunua seti ya kawaida ya gitaa la umeme, ile inayoanzia 10 na kuishia 46 (ni unene wa nyuzi, kwa sehemu za elfu za inchi), hata kama gitaa lako si la umeme. Uzi wa A ushushe uwe G. D uache kama ulivyo. G upandishe uwe A, na E nyembamba iache. E nene na B weka akiba. Ukichukua seti nzito ya gitaa kavu (lisilo la umeme), uzi wake wa G umezungushiwa waya, na ukiupandisha hadi A unakuwa mgumu kupita kiasi.

Sauti itapungua kidogo, sikufichi. Ila daraja lililochoka (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa) litashukuru, maana mvuto wa nyuzi hizi nne ni mdogo sana kuliko wa sita za mwanzo.

Fundi anasema lazima achonge shingo iwe nyembamba, maana nyuzi ni nne. Nimruhusu? (Tabata)

Usimruhusu. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana chuma ndani ya shingo, na randa haikijui. Upana haudhuru kitu, vidole vitauzoea ndani ya wiki.

Kazi ya kumpa fundi ni kile kipande chenye mifereji kinachoshika nyuzi chini ya kichwa. Njia ya haraka ni kutumia mifereji minne ya katikati. Uzi mwembamba ukichezacheza kwenye mfereji mpana, jaza mfereji kwa magadi soda, dondoshea tone la supa gluu (hukauka papo hapo na kuwa kama jiwe), kisha uchonge upya kwa tupa nyembamba. Ukitaka kazi safi, tafuta mfupa mnene wa ng'ombe, hata uliobaki kwenye supu. Uchemshe mafuta yatoke, uanike, umpelekee fundi seremala wa Keko mwenye mkono mwepesi pamoja na kile cha zamani awe na kipimo.

Napiga fidla kwenye kikundi cha taarab. Nitaweza hilo gitaa? (Magomeni)

Wewe ndiye hasa niliyekuwa nakungoja. G-D-A-E ni mpangilio ule ule wa fidla, ila oktava moja chini. Nyimbo unazozijua ziko tayari vidoleni. Kitakachokusumbua ni umbali: pale kidole kimoja kilipotosha, sasa lazima usogeze mkono mzima. Freti nazo, vile vyuma vinavyokatiza shingo, hazitakuruhusu kuteleza kati ya noti kama ulivyozoea.

Na sisi wa muziki wa dansi? (Sinza)

Tyuni D-G-B-E, yaani nyuzi nne nyembamba za gitaa lako la kawaida, na kodi zote (noti zinazopigwa kwa pamoja) unazijua. Solo inapigika vizuri kabisa: mpiga gitaa Tiny Grimes alirekodi jazi na mpiga saksafoni Charlie Parker mwaka 1944 akiwa na nyuzi nne tu. Kwa ridhim nisingeshauri, labda mpiga besi awe na nguvu.

Langu ni la nyuzi za nailoni. Nitie za chuma? (Kigamboni)

Hapana, daraja litang'oka. Baki na nailoni, tyuni D-G-B-E.