Mjomba kaniita mzungu wa Kisesa

SWALI: Shikamoo anti. Niko mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Mwanza, kwetu Kisesa. Juzi mjomba kanisalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" nikabaki natoa macho, basi akaanza, oh nyie wasomi wazungu weusi, kutwa amapiano na TikTok, Utanzania hamna, mpelekwe JKT mkanyooshwe. Kweli kilugha kinanipiga chenga ila nchi yangu naipenda jamani, Stars ikifungwa sili. Afu niko bize, kuna jamaa wa steshenari ananiandikia risechi, nikishamlipa ndo nirudi home niongee na mzee. Nimjibuje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Utanzania hatujawahi kuupima kwa kilugha, nchi ya makabila zaidi ya 120 tungeshagawana mbao zamani. Wazee waliujenga kwa Kiswahili, kwa kumtoa mtoto Ukerewe akasome bweni Songea, na kwa hiyo JKT ya mjomba, ilianza 1963 ikasimama 1994 ikarudi 2013 kwa wanaomaliza fomu siksi, so labda na wewe umeshalala hanga huko mjomba kasahau tu.

Ila Kisukuma unadaiwa. Kisesa na Bujora ni pua na mdomo, na yale makumbusho ya Wasukuma ya hapo Bujora kayaanzisha padre wa Kanada, David Clement, yaani mgeni ndo alihangaika vitu vya Bagika na Bagalu, vile vyama vya ngoma vya Wasukuma, visipotee, nyie wenyeji mnapita na bodaboda vuuu. Kwa hiyo cha nje sio lazima kiue cha kwetu. Japo kinaweza, sangara naye kaletwa tu ziwani miaka ya 50, leo mtu wa Kirumba ukimwambia sio samaki wetu atakucheka, lakini muulize furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, waliishia wapi.

Sasa amapiano sioni imekula nini kwako. Kilichonishtua ni hiyo steshenari, umeipitisha haraka kama mtu anayekatiza duka la mangi anayemdai. Risechi kaandika mwingine, jina lako, kesho uko halmashauri unasaini kwamba zahanati imekamilika na bati hazipo! Hiyo haijatoka Marekani mwanangu, ni ya hapahapa mtaani, na mjomba angeijua asingehangaika na mwangaluka.

Kachukue data zako uandike mwenyewe, hata ukipata C. Halafu Jumapili mpeleke mzee Bujora, kiingilio lipa wewe.