Kwa nini fastjet ilikufa ilhali viti vilikuwa vinajaa

Mwenzetu ameuliza: fastjet, lile shirika la ndege la nauli nafuu la Tanzania, ilikuwa ikijaza abiria Dar–Mwanza, sasa ilikufaje? Najibu kama mteja. Nilikuwa nachukua leso (kanga) Biashara Street hapa Mombasa, napanda basi kupitia Lunga Lunga hadi Dar, halafu naruka Mwanza kuuza.

Walianza Novemba 2012, nauli ya chini kabisa ikiwa Sh 32,000 za Tanzania kabla ya kodi. Hiyo ulikuwa unaipata ukikata tiketi mapema. Mzigo wa kuweka tumboni mwa ndege ulilipiwa kando, basi sisi wafanyabiashara tulikuwa tunakunja leso moja moja, tunazikandamiza kwa goti hadi begi la mkononi lifunge. Safari moja nilikaa na mama wa makamo ambaye hajawahi kupanda ndege; mkanda nilimfungia mimi. Huyo alizoea zaidi ya kilomita elfu kwa basi. Kwa hilo fastjet nawapa heshima yao, na kufungwa kwake kuliniuma.

Lakini ndege kujaa si faida. Mafuta, kukodi ndege, vipuri, vyote ni dola, na abiria analipa shilingi. Mwaka 2015 shilingi ya Tanzania ikaporomoka vibaya. Tena walianza na Airbus A319, ndege ya viti karibu 150. Nauli nafuu inalipa tu ndege ikishinda angani: inashusha, inapakia, inaondoka. Viwanja vingi vya Tanzania havikuwa na taa za kurukia usiku, kwa hiyo jua likizama huko huendi. Na njia zenye watu wa kuijaza ndege kubwa namna ile ni chache mno.

Mwaka 2016 wakahamia Embraer 190, ndogo kidogo. Kwangu mimi walichelewa. Mwaka huo huo serikali ikaifufua Air Tanzania kwa ndege za Q400 za pangaboi, zinazokula mafuta kidogo. Mwishoni mwa 2018 Lawrence Masha, waziri wa zamani, akaichukua fastjet ikiwa hoi, na Desemba mamlaka ya anga ikatoa notisi ya kufuta leseni kwa sababu ya madeni.

Wanaosema fastjet iliuawa na Air Tanzania wanasahau hayo madeni. Tazameni Jambojet, shirika la nauli nafuu hapa kwetu Kenya: ilianza 2014 kwa nauli ya Sh 2,850 za Kenya Mombasa–Nairobi, ikatoka kwenye Boeing 737 ikaingia Q400, na nyuma yake ipo Kenya Airways inayoimiliki. Treni ya SGR ya Mombasa–Nairobi ilipokuja 2017 na tiketi ya Sh 700, bado iliendelea kuruka.