Wiki ya tatu kwenye kiti kipya: hiyo barua usiipeleke kwanza

Mdogo wangu, nimesoma ulivyoeleza. Miaka sita kwenye mashine, sasa umefanywa msimamizi wa zamu, wiki ya tatu hii wenzako wakikuona wananyamaza, na unafikiria kuandika barua uombe kurudishwa ulikotoka. Kiwanda mimi sikijui. Ni mwalimu wa shule ya msingi, tena ya kijijini. Ila hiyo barua niliwahi kuiandika, ikakaa kwenye mkoba mwezi mzima mpaka ikamwagikiwa chai.

Mwaka 2019 nilikuwa mwalimu wa taaluma, nafundisha Hisabati darasa la saba, na kusema kweli nilikuwa naiweza. Ikaja barua ya Mkurugenzi wa halmashauri: wewe sasa ni mwalimu mkuu, shule hiyo hiyo. Hiyo "hiyo hiyo" ndiyo iliyonimaliza. Ukipelekwa shule ngeni watu wanakupokea ukiwa mkubwa tayari. Mimi walinijua nikikopa sukari, nikimsema mkuu aliyepita pale chini ya mwembe.

Kwa wasioijua kazi yetu: kuna kitabu cha mahudhurio, walimu wanasaini wakifika. Saa 1:30 asubuhi mwalimu mkuu anapiga mstari mwekundu. Ukichelewa unasaini chini ya mstari, na Afisa Elimu Kata akija anakuona. Wiki yangu ya kwanza, shoga yangu ambaye kila siku tulikuwa tunapakizana bodaboda moja, akafika saa 1:50. Kalamu ninayo mkononi. Sikupiga. Kesho yake sikupiga. Siku ya tatu nusu ya ofisi ikaja saa mbili, na mzee wetu mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu, hajui kuchelewa ni nini, akaniuliza kwa upole, "Madam, hiyo kalamu imeisha wino?"

Siku ya nne nikapiga. Shoga akasaini chini ya mstari, akafunga kitabu taratibu, akaenda darasani. Tangu hapo kila mtu na bodaboda yake. Sikufichi, liliniuma kuliko yote yaliyofuata. Nikikumbuka sasa, naona ningempitia nyumbani jioni ile niliyopata barua, nikamwambia, "Shoga, kuanzia Jumatatu kalamu iko kwangu, tusije tukaaibishana." Angenielewa, si mtu mbaya. Nilimwacha akaligundue mbele za watu. Kama kuna mmoja pale kiwandani unayeogopa kumwambia, "Umechelewa kurudi mapumzikoni," mtafute pembeni leo, zamu haijaanza.

Kuhusu kunyamaza wakikuona, waache. Siku moja tumekaa ofisini, simu zao zote zikalia kwa pamoja, yangu kimya. Nikajua kuna kundi jipya la WhatsApp na mimi simo. Nilinuna siku mbili, halafu nikakumbuka kwamba lile tulilokuwa tunamsemea mkuu wa zamani nililifungua mimi.

Sasa kuna kitu umekisema kwa kupita tu, mimi ndicho nimekishika: mashine ikikwama unamsogeza kijana pembeni unairekebisha mwenyewe. Hapo ndipo nilipojificha na mimi. Nilikataa kuliachia darasa la saba. Nikiwa ubaoni najumlisha sehemu, najiona mtu. Nikirudi ofisini nakutana na vocha za malipo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 fedha ya uendeshaji inaingia kwenye akaunti ya shule yenyewe, na kwa shule za msingi tulikuwa tunaletewa shilingi 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, sawa na 500 kwa mwezi. Watoto 612, piga hesabu: 306,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha choo, na kila shilingi iingizwe kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za shule, kompyuta yenyewe ya kuazima. (Kuna wanaodhani tunafaidi posho ya madaraka. Ni 200,000 kwa mwezi, waulize nauli za kwenda halmashauri zinakula ngapi.) Basi mimi nafundisha, vocha zinalala kwenye droo, fundi wa vitasa anakuja kunidai getini.

Msaidizi wangu ndiye aliyenipasulia. "Mkuu, wa kufundisha Hisabati nitakutafutia. Wa kukusainia vocha sina."

Nikamkabidhi kijana mmoja darasa. Wiki za mwanzo alikuwa anaboronga, nami najibanza dirishani nasikiliza, mikono inaniwasha. Nilijizuia nisiingie. Jioni namwita, namwonyesha swali moja tu alilolikosea njia, basi. Nilibaki na vipindi vichache vya darasa la tano ili nisisahau harufu ya chaki.

Halafu makabidhiano. Nilisaini kwamba nimepokea madawati 180. Sikuyahesabu, ningemhesabiaje mtu aliyenilea kikazi, angeona namshuku. Baada ya miezi sita wakaja wakaguzi, tukafungua stoo ya nyuma: mazima 143, mengine ni mbao na popo. Aliyepita keshastaafu, saini ni yangu. Nilijieleza kwa maandishi mara tatu. Wewe nenda kahesabu spana, vipuri, glavu, hata ndoo, uandike hali ya kila kimoja, na aliyekutangulia asaini pamoja nawe hata akinuna.

Mambo kutulia ilinichukua kama mihula miwili. Barua sikuipeleka, ingawa sitasema ni ushujaa. Ilikuwa na madoa ya chai na nilikuwa mvivu kuiandika upya. Shoga yangu, asubuhi moja ya mvua, bodaboda ikasimama mlangoni kwangu, yeye yuko juu kajifunika nailoni. "Panda bwana, utachelewa kupiga mstari wako."

Mwezi uliopita na yeye amepata barua ya Mkurugenzi, amepelekwa shule ya kata jirani. Juzi kanipigia yuko stoo, anauliza kama madawati yaliyovunjika nayo yahesabiwe. Nikamwambia aanze na hayo hayo.