Debiti na krediti zinalaza watu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni mhasibu wa NGO ndogo huku Dodoma, tuna wafadhili watatu. Mkurugenzi kaniambia niwape maafisa miradi semina ya siku moja ya usimamizi wa fedha. Mwaka jana nilijaribu, nikaanza na debiti na krediti, kufika saa nne nusu yao wako WhatsApp. Wanadai hesabu ni kazi ya uhasibu. Nianzie wapi?
– Mhasibu, Dodoma

JIBU: Pole ndugu yangu, ila na wewe umechangia. Afisa mradi debiti za nini? Yeye ndo anachukua masurufu (hela ya kazi anayopewa kabla, arudishe risiti), anagawa posho, anaagiza mabomba, hela ikiharibika inaharibikia kwake, we unaletewa makaratasi tu. Anzia hapo.

Mi huwa nawapa vocha moja ya malipo ya semina ya kijijini, nimeitunga mwenyewe. Watu 30 wamesaini posho, semina ilikuwa tarehe 14 lakini risiti ya EFD (ile ya mashine) ya chakula ni ya tarehe 11, halafu saini namba 17 mpaka 24 mwandiko uleule kalamu ileile. Nawaambia leo nyie ndo wakaguzi, haya tafuteni. Aisee hakuna anayesinzia, maana wote wanajua karatasi kama ile inajazwaje (kuna mmoja alicheka peke yake mpaka chai, sikumuuliza kitu).

Baada ya chai leta bahasha tatu, kila moja jina la mfadhili, ndani weka vipande vya karatasi viwe ndo hela. Waambie hela ya mfadhili B imechelewa na mishahara ni kesho. Utaona wanavyokimbilia bahasha A, tena bila hata kuandika! Wakishamaliza kulipana ndo uwaambie fundi wa kisima cha A yuko mlangoni anadai chake. Hapo hata usipotamka neno masharti wameshaelewa hela ya mkataba ina kazi yake.

Waulize pia kodi ya ofisi na mshahara wako wewe vinatoka bahasha ipi. Wengi hawajawahi kuwaza, wanaandika bajeti ya mradi kama vile ofisi inajiendesha kwa upepo. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, shirika lisilo na kiwango cha gharama za ofisi lilichokubaliana nao lilikuwa linaruhusiwa kudai hela ya uendeshaji mpaka 10% ya gharama za moja kwa moja za mradi (baadhi haziingii kwenye hesabu), kuanzia Oktoba 2024 ikapanda 15%, na bado nakutana na maandiko ya kuomba ruzuku yameweka sifuri eti waonekane wa bei nafuu. Halafu ikaja Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, mwenye bahasha moja tu bila akiba alifunga ofisi hata notisi ya mwenye nyumba haijaisha.

Bajeti na matumizi halisi peleka mchana, tena kwa mradi wao wenyewe, kama mwaka wa mradi uko mwezi wa tisa na fungu la mafunzo limetumia milioni 2 kati ya 12 basi mwenye mradi aeleze, sio wewe.

Na mkurugenzi akae darasani siku nzima, asifungue tu akakimbilia kikao. Anayekopa kwenye zile bahasha ni yeye.