Kwa nini kaa ana miguu midomoni

Umeuliza jeni zinawezaje kugeuza mguu kuwa kiungo cha kulia. Mtazame kaa anapokula: nje ya taya kuna jozi tatu za vimiguu vinavyopepeta chakula na kukisukuma ndani. Vimiguu hivyo asili yake ni miguu ya kifua.

Mchezo mzima uko kwenye jeni za Hox, zinazoiambia kila pingili ya kiinitete wewe ni nani. Mojawapo inaitwa Ubx. Mwaka 1997, watafiti Averof na Patel walilinganisha krasteshia (kundi la kaa, kamba na jamaa zao) wa aina nyingi wakaona jambo zuri sana: Ubx inapoanza kuwaka kwenye pingili ya kwanza ya kifua, kama kwa Artemia, krasteshia mdogo wa maji ya chumvi, miguu yote ya kifua hufanana. Ikirudi nyuma pingili kadhaa, zile zilizoachwa bila Ubx huota vimiguu vya kulia.

Huo ulikuwa uwiano tu, na mtu mbishi angeweza kuukataa (mimi ningekuwa wa kwanza). Ushahidi ulikuja kwa Parhyale, krasteshia mdogo wa pwani anayefugika maabara. Watafiti walipopunguza Ubx, miguu yake ya kifua ikaelekea kuwa ya kulia. Walipoiwasha mahali isipostahili, vya kulia vikageuka miguu.

Kwa hiyo haihitajiki jeni mpya kabisa. Jeni ni ileile, kinachosogea ni mpaka wa mahali inapowaka.