Kabla ya kusaka gesi za sayari ya mbali, isome nyota yake

Vijana wa fizikia hapa Mombasa wanaotaka kusoma angahewa za sayari za mbali huniuliza kwanza: "Mwalimu, darubini tutatoa wapi?" Darubini tunazo. Data za Hubble na James Webb, darubini zilizoko angani, zimehifadhiwa kwenye MAST, hazina ya data kule Marekani, na nyingi ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mawingu ya kusi na taa za bandarini hazikuzuii kitu.

Anza na majitu ya moto, sayari kubwa zinazozunguka karibu mno na nyota zao. Chukua HD 209458 b. Mwaka wake ni siku 3.5 tu, na mwaka 1999 ilikuwa ya kwanza, nje ya mfumo wa jua letu, kuonekana ikipita mbele ya nyota yake. Ikipita, mwanga wa nyota hupungua kwa asilimia 1.5 hivi, kwa muda wa saa tatu. Sehemu ndogo sana ya mwanga huo hupenya kwenye hewa iliyo ukingoni mwa sayari, kama miale ya jua linalotua upande wa Changamwe inavyopenya hewa nzito kabla ya kutufikia. Kila gesi humeza rangi zake, na kwa rangi hizo sayari huonekana pana kidogo.

Joto huivimbisha angahewa, na hidrojeni ni nyepesi, ndiyo maana majitu haya yanasomeka. WASP-39b ina uzito unaokaribia wa Zohali, lakini ni pana kuliko Mshtarii. Mwaka 2022 Webb iliona kaboni dioksaidi yake: kwenye mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho) wenye urefu wa wimbi wa maikromita 4.3, kiasi cha mwanga kinachozibwa kilipanda kutoka asilimia 2.1 hivi hadi karibu 2.3. Nundu ile kwenye grafu haihitaji jicho la mtaalamu.

Grafu hiyo ndiyo inayowavuta wengi, na hapo ndipo ninapowashika mkono. Usianze na gesi. Jumlisha mwanga wa rangi zote, uchore nukta zake dhidi ya muda, kisha utulie uitazame. Nukta zinashuka, zinakaa chini, zinapanda. Tazama pale chini: si bapa, pamepinda kama karai. Hiyo ni kazi ya nyota, kwa kuwa kingo zake zina mwanga hafifu kuliko katikati. Chora tena kwa mwanga wa buluu, kisha kwa infraredi, uone mpindo unavyopungua. Usipoupima vizuri, utaipa sayari sifa ambazo ni za nyota. Programu ya batman ni ya bure na itakusaidia kuukokotoa, lakini kwanza tafuta kipeuo cha pili cha 0.015 (ile asilimia 1.5 ya HD 209458 b) kwa mkono: sayari ina karibu asilimia 12 ya kipenyo cha nyota.

Msisitizo wangu una sababu. Sodiamu ya HD 209458 b, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002 kutokana na data za Hubble, ndiyo gesi ya kwanza kutambuliwa kwenye angahewa ya sayari ya aina hii. Mwaka 2020 Núria Casasayas-Barris na wenzake walipima upya kwa darubini za ardhini, wakaonyesha kwamba alama waliyoiona inaelezeka kwa mzunguko wa nyota yenyewe na tofauti za mwanga usoni mwake. Madoa ya nyota nayo, hasa nyota zisizo na joto kali, yanaweza kuigiza mvuke wa maji.

Halafu kuna mawingu. GJ 1214 b, sayari ndogo kuliko majitu haya ambayo sisi Wakenya tumeipa jina la Kimaasai, Enaiposha, ilipopimwa kwa Hubble ilitoa spektra bapa kabisa, yaani mwanga uliozibwa ulikuwa sawa kwa kila rangi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2014, kwamba kuna mawingu au ukungu juu sana. Mwanafunzi akiniletea mstari bapa akiwa amekata tamaa, humwomba anionyeshe alivyoipima nyota. Kama kazi hiyo ni safi, tunaanza kuandika ripoti.