Kuhusu ule uanachama wa klabu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini nang'ang'ania gofu ya visahani, kurusha visahani vya plastiki kwenye shabaha bustanini na vijana, ilhali uko tayari kunilipia uanachama wa klabu ya gofu. Asante sana, mama, moyo wako nimeuona. Lakini klabu siitaki.

Uwanja wangu ni Oak Grove, huku karibu na Pasadena, California. Ed Headrick, mbunifu Mmarekani, aliuanzisha mwaka 1975, nao ndio uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani. Mwanzoni walilenga nguzo tupu, wakawa wanabishana: kimegusa, hakikugusa. Headrick akabuni kikapu chenye minyororo. Kisahani kikiingia, minyororo inalia na ubishi unakwisha. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Namwelewa kabisa.

Kinachonishika hasa ni jinsi kisahani kinavyoruka. Nikirusha kwa mkono wa kulia, nikiuvuta kupitia kifuani, kisahani chenye kasi huegemea kulia. Kasi ikipungua hurudi kushoto na kushuka. Upepo wa mbele hukigeuza zaidi, wa nyuma hukikandamiza. Basi kabla ya kurusha natazama majani ya mialoni, ndipo nachagua kisahani. Ujanani nilitegemea bega. Siku hizi nabeba vyepesi, vinavyokubali kupinda hata kwa kasi ndogo, na hakuna wakati nilioujua mchezo huu kama sasa. Nguvu zinapungua, ujuzi unazidi, na ninauona kwa macho yangu hewani. Nitauachaje?

Halafu kuna watu. Hakuna anayeniuliza nimevaa nini. Nikifika peke yangu naitwa, "Mzee, njoo tucheze," nami nazunguka na fundi bomba, mwanafunzi, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Nilipohamia huku sikuwa na ndugu hata mmoja. Marafiki zangu karibu wote niliwapata nikitembea kutoka kikapu kimoja hadi kingine.

Pesa hiyo mlipie mdogo wako ada. Wewe ukija likizo, beba viatu visivyoteleza. Nitakuanzishia kisahani cha kulengea karibu. Vile vya masafa marefu humfundisha mgeni kurusha vibaya. Tutatoka asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza.

Baba yako